Kompyuta za Serikali Kwenye Kaunta ya Baba

Mwaka niliomaliza chuo nilirudi Kariakoo na shahada moja na woga mwingi. Shahada niliiweka kabatini, woga nikawa natembea nao. Nilikuwa mtu wa kufikiria mara tano kabla ya kuvuka barabara, na nikishavuka nafikiria kama nilipaswa kuvukia pale. Rafiki zangu walikuwa wakisambaza maombi ya kazi mji mzima. Mimi niliweza kukaa asubuhi nzima nikijiuliza kama neno "ndugu" mwanzoni mwa barua litamfanya mwajiri anione mshamba.

Baba alikuwa na duka la vifaa vya umeme nyuma kidogo ya soko, upande wa kuelekea Gerezani. Alilifungua biashara zilipoachiwa huria, wakati mtu mwenye mtaji mdogo na miguu imara alipoweza kuleta balbu na plagi kutoka popote duniani akaziuza bila kuomba kibali cha mtu. Kwa kuwa alitoka Kilimanjaro, wateja walimwita Mangi, kama wanavyomwita kila Mchaga mwenye duka. Nami nikawa "mtoto wa Mangi" tangu nikiwa chekechea mpaka siku niliyorudi na joho.

Kazi yangu ya kwanza ilitokana na mradi ambao nadhani wengi mjini hawakuusikia kabisa. Ilikuwa imeamuliwa kwamba sehemu ya fedha za umma zinunue kompyuta za mezani na kulipia intaneti, vyote viwekwe nyumbani kwa wanafunzi wa sekondari. Nyumbani, si shuleni. Shuleni kompyuta zilikuwapo, ila zilikaa kwenye chumba chenye kufuli, na ufunguo ulikuwa kwa mwalimu ambaye kila ukimwulizia yuko semina. Mtaa wetu ukachaguliwa uwe wa majaribio. Kila nyumba iliyochaguliwa ilipata kompyuta, skrini na kisanduku chenye antena cha kunasa intaneti kutoka kwenye minara ya simu, ambayo siku hizo ilikuwa ikiota juu ya maghorofa kama uyoga.

"Kodi yangu imerudi," baba alisema siku maboksi yalipogawiwa. "Miaka yote naituma tu, leo imerudi na skrini."

Sikuwapo kwenye hafla ya kugawa. Niliajiriwa baadaye, kwa mkataba mfupi, niwe mtu wa kupita nyumba kwa nyumba na kuwasaidia wanafunzi. Nilijiandaa kwa maswali yote. Nilijifunza namna ya kueleza virusi kwa bibi, namna ya kumwambia mzazi kwamba intaneti si uhuni mtupu, namna ya kufunga kisanduku dirishani kisiibwe. Swali moja tu sikuliandalia jibu, nalo lilinisubiri nyumba ya kwanza.

Ilikuwa nyumba ya mama mmoja muuza khanga za jumla, jirani yetu wa siku nyingi. Duka lake lilikuwa chumba cha mbele, yeye na binti yake wakiishi vyumba viwili vya nyuma. Binti alikuwa kidato cha nne. Mwalimu wao wa fizikia alikuwa ameacha kazi katikati ya mwaka akaenda kuuza vipuri, na binti huyu, ambaye alikuwa amejiapiza kuwa injinia, alibaki na kitabu kimoja kilichogombaniwa na darasa zima. Nilimhesabu kuwa ndiye atakayenifurahia kuliko wote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Ndiyo wewe wamekupa ile kazi ya kompyuta? Hongera. Umekonda."

"Nimekuja kuiona. Inaendeleaje?"

"Ipo. Ipo salama kabisa," alisema kwa fahari, akanipeleka ndani.

Ilikuwa juu ya kabati. Boksi halikuguswa, gundi yake ya kiwandani ilikuwa ikimeta. Juu ya boksi kulikuwa na nailoni, juu ya nailoni kitambaa cheupe cha kufuma, na juu ya kitambaa chombo cha maua ya plastiki.

Binti alisimama mlangoni, sare ya shule bado mwilini. "Dada, mimi nalala naye chumba kimoja kama mgeni wa heshima," aliniambia. "Uso wake sijawahi kuuona."

"Wewe!" mama yake alimkata. "Kinywa hicho hicho ndicho kitakacholipa ikiharibika?"

Nilicheka kwa adabu, nikaeleza faida za elimu, nikaondoka nikijua sijamgusa hata kidogo. Nyumba ya pili ilikuwa vilevile, ila boksi lilikuwa chini ya kitanda. Nyumba ya tatu nilipanda ghorofani kwa mzee wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, ambaye mtaa mzima ulimwita Bhai. Mjukuu wake ndiye aliyepewa kompyuta. Familia hii walikuwa Wahindu waliofuata dini kwa makini, na boksi lao lilikuwa limepakwa alama nyekundu ya baraka na kuvikwa shada la maua ya manjano. Ila hata wao hawakulifungua.

"Baraka tayari," Bhai aliniambia, akifungua mikono. "Kufungua, bado."

"Kwa nini bado, Bhai?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu. "Wewe mtoto wa Mangi, unaniuliza mimi?"

Nilishuka ngazi nikilirudia swali hilo. Nilidhani ananidharau. Kisha nilidhani ananisifu. Nilipofika chini nilikuwa nimeshaamua kwamba baba ana ugomvi na Bhai ambao sikuambiwa.

Wiki iliyofuata afisa wa mradi alinipigia simu. Alikuwa kijana mtaratibu, mwenye sauti ya kusoma taarifa ya habari. Alisema kule kwao wanaona ni nyumba ipi imeingia kwenye intaneti na ipi haijaingia, na mtaa wetu ulikuwa kimya kabisa, nyumba zote. Fedha hizi ni za wananchi, alisema. Haziwezi kulipia intaneti ya kabati. Mambo yakibaki hivyo hadi mwisho wa mwezi, kompyuta zitakusanywa zote na kupelekwa mtaa mwingine.

"Naomba utambue uzito wa jambo hili," alimalizia.

Kama kuna mtu mjini Dar es Salaam asiyehitaji kuombwa atambue uzito wa jambo, ni mimi. Nilitambua mpaka chakula kikanishinda. Akilini nilimwona yule binti wa kidato cha nne akitazama boksi likishushwa kabatini na kubebwa lilivyokuja. Nikajiona mimi nikieleza kwenye usaili wote wa maisha yangu kwamba kazi yangu ya kwanza niliifanya kwa bidii na haikufanyika.

Nilikaa dukani kwa baba, nyuma ya kaunta, sina la kufanya. Akaingia mteja kununua birika la umeme. Baba alilitoa kwenye boksi, akamimina maji kidogo, akachomeka kwenye ubao wa kujaribia. Ubao huo ni kitu ambacho nimekiona tangu sijajua kuongea: kipande cha mbao kilichopigiliwa ukutani, chenye soketi, swichi na mdomo wa balbu. Mteja alikunja mikono akasubiri. Hakuuliza linatoka nchi gani wala litadumu muda gani. Taa yake nyekundu ilipowaka, akasema "sawa," akabeba, akaondoka.

Nikakaa wima.

Kariakoo kuna sheria isiyoandikwa popote na inayojulikana na kila mtu. Kitu cha umeme hujaribiwa mbele ya muuzaji na mbele ya mnunuzi. Kikiwaka, kuanzia hapo ni chako pamoja na matatizo yake. Kikikataa, ni cha muuzaji, na hakuna ugomvi. Lakini ukibeba boksi bila kujaribu, umekubali chochote kilichomo, hata kama ni matofali. Na huwezi kurudi kesho ukasema ulikikuta kibovu, kwa sababu hakuna atakayejua kama hukukiharibu wewe.

Nilimwuliza baba siku ile ya hafla walisema nini hasa.

"Walisema mengi. Kulikuwa na kipaza sauti."

"Walijaribu hata moja?"

"Walipiga picha."

"Na kuhusu kuharibika?"

"Hilo lilisemwa mara mbili. Mali ya umma, atakayeiharibu atailipa."

Basi. Watu walikuwa wamepewa maboksi yaliyofungwa, hakuna aliyeyaona yakiwaka, wakaambiwa kikikutwa kibovu ni juu yao. Mtaa mzima wa wafanyabiashara ulifanya kitu pekee chenye akili, wakaacha gundi ya kiwandani ikae palepale, iwe shahidi wao. Hawakuwa wakiiogopa intaneti hata kidogo.

"Baba, tuzijaribu hapa. Zote. Jumapili, ukishatoka kanisani."

"Hapa wapi?"

"Kwenye ubao."

Baba aliweka chini bisibisi. "Serikali haijaribiwi kaunta, mwanangu."

"Kwa nini?"

Nilimwona akitafuta sababu kwenye rafu, kama anayetafuta balbu ya aina ambayo haitengenezwi tena. "Na muuzaji?" alisema hatimaye. "Bila muuzaji kuwepo, kujaribu ni kucheza tu. Nani atasimama kama muuzaji?"

Hapo ndipo woga wangu ulipopata kazi. Muuzaji ilibidi awe afisa. Niliandika ujumbe wa simu nikaufuta, nikaandika mwingine. Nianze na shikamoo? Alikuwa amenizidi miaka michache tu, huenda angeona namzeesha. Habari za kazi? Namwita siku ya mapumziko. Mambo? Mungu apishe mbali. Mwishowe niliandika kwamba wazazi wanamwomba Jumapili mchana dukani kwa baba, kompyuta zote zitafunguliwa mbele yake, na bila yeye hazitafunguliwa kamwe. Nikabonyeza kabla sijasoma tena. Alijibu kwa neno moja: "Nitafika."

Jumapili mchana Kariakoo huwa imepumua kidogo. Mageti ya chuma yamefungwa, mikokoteni imeegeshwa, na unaweza kuiona lami. Lakini mbele ya duka la baba ungedhani ni siku ya kufunga hesabu. Nilikuwa nimewaambia wazazi sentensi moja tu kila mlango, "Muuzaji anakuja, tunajaribu kwa Mangi," na sikuhitaji ya pili. Waliokuwa hawanisikii wiki nzima walitokea na maboksi vichwani. Walikuja na majirani, na majirani walikuja na wageni wao.

Afisa alifika na shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Alikutana na umati akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huu ni mkutano?"

"Hapana. Naomba usimame hapa, upande wa ndani wa kaunta."

"Kwa nini?"

"Ndipo muuzaji anaposimama."

"Mimi siuzi kitu."

"Karibu ndani, bosi," baba alisema, akainua kipande cha kaunta kinachofunguka. Afisa akaingia bila kujua alichoingilia.

Bhai alikuwa wa kwanza. Baba alikata gundi taratibu, akiiacha ile alama nyekundu isiguswe. Akaunganisha waya, akachomeka, akainua swichi. Mashine ikavuma, skrini ikawa nyeusi, kisha buluu, kisha kukawa na picha ya majani mabichi na mbingu.

"Imewakaaa!"

Mtaa mzima ulipiga makofi. "Chukua mzigo wako, Bhai, usilete kesi kesho!" mtu alipiga kelele nyuma. Mzee alicheka mpaka akajifuta macho, akamtazama afisa, akasema kwa dhati, "Nimepokea." Nilichomeka kisanduku cha intaneti, taa zake zikaanza kuchezacheza, na mjukuu wa Bhai akafungua ukurasa wa kwanza kabisa wa mtaa wetu, ambao kwa taarifa ya walipa kodi ulikuwa wa matokeo ya mpira. Mashabiki wa timu ya Jangwani walishangilia. Wengine walizomea.

Ikaja ya pili, ikawaka. Ya tatu, ikawaka. Kila mara makofi, kila mara "nimepokea" kwa sauti, na kila mara afisa akizidi kunyooka shingo. Alianza hata kutabasamu. Mimi nilianza kuhesabu nini kinaweza kuharibika, na nilikuwa nimefika mbali kwenye hesabu hiyo wakati mama wa khanga aliposukuma boksi lake mbele. Binti yake alikuwa ameshika ncha ya boksi kwa mikono miwili.

Baba alikata gundi. Akaunganisha. Akainua swichi.

Kimya.

Alishusha, akainua tena. Akabadilisha waya. Akafungua plagi, akaweka fyuzi mpya, akajaribu soketi nyingine. Kompyuta ilikaa kama jiwe. Uso wa yule binti sitausahau. Hakulia. Alikuwa kama mtu aliyeitwa jina kwenye orodha ya waliofaulu kisha akaambiwa kaa chini, si wewe.

"Mmeona?" mama alisema, akigeuka kwa umati, khanga ikishuka begani. "Mmeona nyie? Ningeifungua ndani kwangu, leo ningekuwa mwizi! Mngesema huyu mama kamwagia chai!"

"Kweli kabisa!" watu waliitikia.

Kisha wote wakamtazama muuzaji.

Afisa alilegeza kola. "Mama, usijali, tatizo litashughulikiwa. Kuna utaratibu. Mali ya umma hairudishwi kwa mdomo, inabidi kwanza ifanyiwe uchunguzi, ijulikane chanzo cha..."

"Utaratibu ni huu hapa," mama alisema, akigonga kaunta kwa kidole. "Boksi umeliona likiwa limefungwa?"

"Nimeliona."

"Nani kalifungua?"

"Mangi."

"Mbele ya nani?"

"Mbele yangu."

"Sasa uchunguzi gani, baba? Unataka tupige ramli?"

Watu walicheka, lakini si kicheko chepesi. Nyuma nilimwona mzazi ambaye boksi lake lilikuwa bado halijafunguliwa akilirudisha kichwani. Mwingine naye akainama kuchukua lake. Nilijua kwamba wakiondoka hao wameondoka wote, na hata waliokwisha kupokea watakwenda kuzima na kurudisha nailoni.

Sikufikiria. Najua ni ajabu kuliandika hili, kwa sababu sikumbuki siku nyingine ya namna hiyo. Nilimgeukia afisa, mtu ambaye salamu yake tu ilinisumbua siku nzima, nikamwambia, "Sema kimerudi."

"Unasemaje?"

"Sema hiki ni changu, kimerudi. Sema kwa sauti, waliosimama nyuma wasikie. Basi, hawana dai lingine."

"Nikisema hivyo nitaulizwa ofisini."

"Utaulizwa kuhusu moja. Usiposema utaulizwa kuhusu zote."

Alinitazama. Jasho lilikuwa limeshalainisha mikunjo yote ya shati. Akaitazama ile kompyuta, akamtazama binti, na nadhani ndiye aliyemshinda, kwa sababu alishika boksi kwa mikono yake mwenyewe akalivuta upande wake wa kaunta.

"Hiki ni changu," alisema, na sauti ya taarifa ya habari ilikuwa imemtoka. "Kimerudi. Mama hana kosa. Nitaleta kingine, na nitakijaribu hapahapa."

Nimesikia vigelegele kwenye harusi nyingi, lakini vya mchana ule vilitoka mahali pengine. Mama wa khanga alivianzisha mwenyewe. Mzazi aliyekuwa amebeba boksi kichwani alilishusha, akalipitisha juu ya vichwa vya watu, mikono ikilipokea, mpaka likafika kwa baba. Na wengine nyuma yake. Ilikuwa kana kwamba ile moja iliyokataa imewathibitishia kuliko zote zilizowaka. Sasa walijua muuzaji wao ni wa aina gani.

Zilizobaki ziliwaka zote. Baba, ambaye alisema serikali haijaribiwi kaunta, alikuwa akiinua swichi kwa madaha kama mzee wa kanisa anayepiga kengele.

Siku chache baadaye afisa alirudi na boksi jipya. Nilitaka kumpeleka moja kwa moja kwa mama. Alikataa. "Kwanza kwa Mangi," alisema, akanitangulia. Ilipowaka, yeye ndiye aliyegeuka kuwatafuta watu wapige makofi, akasikitika kuona tuko wanne tu.

Mwisho wa mwezi ulifika na sikulala vizuri, si kwa sababu yoyote, ila ndivyo nilivyo. Nilijiambia labda wanafungua kwa ajili ya mpira tu. Nilijiambia labda kule ofisini hawahesabu hivyo. Simu ilipoita niliiacha ilie mara kadhaa nikipanga majibu.

Afisa hakunisalimia hata. "Bando lenu limekwisha," alisema. "Lile la mwezi mzima. Limekwisha muda mrefu, nimekuwa nawaongezea kutoka akiba ya mitaa mingine kwa sababu huko kompyuta bado wamezifungia kwenye maboksi. Nyie ni watu wa namna gani?"

Nikaanza kuomba radhi.

"Radhi ya nini? Kompyuta zinabaki. Wamekubali na intaneti iongezwe. Na wananiuliza huyo Mangi anaweza kwenda mitaa mingine na ubao wake?"

Nilitoka mbio. Nilitaka kumwambia mtu, na mtu wa kwanza niliyemtaka ni mama wa khanga. Duka lilikuwa limejaa wanawake wa jumla kutoka mikoani, wakivuta doti za khanga na kubishana bei kwa sauti zile za Kariakoo ambazo mgeni hudhani ni ugomvi. Nilipenya katikati yao, nikaanza, "Mama! Wamesema..."

"Shhh!"

Alisimama juu ya kigoda, kidole mdomoni, akatutazama sote kwa ukali, mimi na wateja wake.

"Punguzeni sauti zenu," alisema. "Binti anasoma fizikia."

Na wale wanawake, waliolipa nauli kutoka mbali kuja kugombania bei, wakaanza kubishana kwa kunong'ona.